Sado ya Kilele

Siku kamati ya shule ilipomwita Bibi kujieleza, shitaka lilikuwa moja: mahindi yamezidi.

Yangekuwa yamepungua, kila mtu angeelewa. Panya wapo, unyevu upo, na mikono ya binadamu ipo. Lakini stoo ilifunguliwa, magunia yakatolewa uani, daftari likasomwa kwa sauti, na hesabu ikakataa. Daftari lilitaja magunia tisa. Uani yalisimama kumi na nusu. Katibu akarudia kuhesabu, safari hii akigusa kila gunia kwa kidole kama anayehesabu mbuzi wa mahari, akafika palepale. Mwenyekiti akavua kofia. Nilikuwa darasa la tano, nimejibanza nyuma ya pipa la maji na wenzangu wawili, na mpaka leo sijapata kuona watu wazima waliotaharuki kiasi kile kwa kukuta chakula kingi.

Bibi alisimama katikati yao, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, mikono ameikunja kifuani. Aliwatazama jinsi alivyokuwa akitazama maharage yanayochelewa kuiva.

Nchi nzima inatujua Wapare kwa mambo mawili, ubahili na kesi. Mpare, wanasema watani zetu, yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Uani pale, kwenye shule ya msingi ya kijiji chetu huku Usangi, mambo yote mawili yalikuwa yamekaa benchi moja yakisubiri kuanza.

Nitairudia kesi hiyo. Kwanza niseme kwamba mshitakiwa tumemzika vuli iliyopita.

Barabara ya kwenda msibani ni ileile ya siku zote. Unashuka basi Mwanga mjini, kwenye joto la tambarare, vumbi jekundu na miiba, unaingia kwenye gari dogo lililoshusha ndizi asubuhi na sasa linapandisha sukari, mabati na watu. Ukipita Kikweni masikio yanaziba, hewa inabadilika, migomba inaanza, na mtu aliyekuwa akijipepea anatafuta sweta. Mei 2025 barabara hiyo ilipandwa na misafara ya wakubwa wa nchi, alipozikwa Usangi Mzee Cleopa David Msuya, Waziri Mkuu mara mbili na mbunge wetu wa miaka mingi. Vijana walipanda juu ya kingo kuona magari. Miezi michache baadaye ikapandwa na sisi, noah tatu na pikipiki kadhaa, tukimfuata mpishi wa shule. Hakuna aliyepanda kingo. Ila nyumbani tulikuta watu wamejaa mpaka kwenye migomba ya jirani, na wengi wao hatukuwafahamu. Walipoulizwa ninyi ni akina nani kwa marehemu, walijibu kwa namna moja: "Alitupikia."

Bibi alipika shuleni pale miaka 32, kuanzia 1977. Ofisi ya mwalimu mkuu ina ubao wenye majina ya walimu wakuu wote tangu shule ianze, kwa rangi nyeupe, na miaka yao. Wapishi hawamo. Jina lake limo mahali pamoja tu, kwenye madaftari ya stoo, kila ukurasa, chini kulia.

Alizaliwa mwaka ambao hakuwahi kuutaja kwa tarakimu. "Wanaume walikuwa Same," alikuwa akisema, na mtu wa Upare akisikia hivyo anajua ni 1945. Serikali ya mkoloni, ikiwatumia machifu, ilikuwa imeleta kodi iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, nayo ikaitwa mbiru. Kulipa kodi hakukuwa jambo geni. Kilichowakera watu ni kwamba mali ilikadiriwa kwa macho: mzee wa serikali anasimama kwenye ua wako, anatazama migomba, kahawa na ng'ombe, anatamka kiwango. Januari 1945 wanaume kwa maelfu wakateremka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakisema hawatoki mpaka kodi hiyo iondoke. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakachoka. Afisa wa wilaya alipofika kwao walimzunguka wakamwambia arudishe waume zao, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe, wote. Kisha wakashika njia ya Same kwa miguu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliandika juu ya mgomo huo kitabu kizima, kilichotoka 1971. Kodi ile ilikuja kufutwa.

Mama yake Bibi alikuwa kwenye msafara huo. "Na mimi nilikuwepo," Bibi aliongeza kila mara, na alikuwa na haki: alikuwa mgongoni.

Sitaki kudai kwamba mtoto mchanga alisikia siasa mgongoni mwa mama yake. Lakini kuna jambo alilokua nalo ambalo ninaliona kila ninapoifikiria mbiru, nalo ni chuki ya kupimwa kwa macho. Akinunua sukari dukani ukamwambia "kama nusu kilo hivi", alikuwa anaondoka. Kama hivi ni kipimo gani? Ukimwambia jirani ana watoto wengi, alitaka idadi.

Shuleni hakusoma. Wasichana wa umri wake walikuwa wachache darasani na yeye alikuwa na wadogo wa kubeba. Herufi alizipata akiwa mama wa watoto wanne. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka michache baadaye kijiji kizima cha wanawake kikawa kinakaa jioni chini ya mwembe, majembe pembeni, watoto mapajani, kinasoma silabi kwa kuimba. Agosti 1975 ulikuja mtihani wa taifa zima wa kisomo. Bibi alifaulu, na cheti akakiweka ndani ya Biblia, kwenye Kitabu cha Hesabu. Mjomba wake Mwislamu alimtania kwamba amekosea, hicho si kitabu cha hesabu za madarasa. (Usangi ni hivyo. Ukoo mmoja una msikiti na kanisa, na kwenye mazishi yake maulamaa walikaa upande wa kaskazini wa ua, kwaya upande wa kusini, na wote walikula sufuria moja.)

Kazi ya upishi ilikuja na UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Novemba 1974, kule Musoma, TANU iliazimia kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Ninyi mnaojua habari hizo mnakumbuka utani: walimu wakapikwa harakaharaka, watu wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Milimani kwetu tatizo lilikuwa jingine pia. Watoto walizidi madarasa, na wengine walitoka vitongoji vya mbali, wakipanda na kushuka makorongo kabla jua halijachomoza. Ikifika saa nne wanasinzia. Kijiji kikaita msaragambo, kazi ya pamoja, wanaume wakabeba mawe kutoka mtoni, wanawake mchanga na maji, na ndani ya wiki mbili jiko lilisimama: kuta tatu, bati, na upande wa nne wazi kwa ajili ya moshi. Likabaki swali la nani atapika. Bibi alinyoosha mkono akiwa bado na udongo viganjani.

Mshahara? Michango ya wazazi ikipatikana, shilingi kidogo na sado kadhaa za mahindi kwa mwezi. Isipopatikana, mahindi bila shilingi. Hakuwa mtumishi wa serikali, hakuwa na namba, hakuwa na kiinua mgongo. Siku alipostaafu alipewa doti ya kanga, sufuria na risala. Sufuria ilikuwa nzuri.

Chakula chetu kilikuwa makande, na hapa naomba wasomaji wa pwani wavumilie, kwa sababu makande mnayopikiwa mabwenini huko siyo. Bibi alianza jana yake. Mahindi yalitwangwa kwa maji kidogo kwenye kinu mpaka ganda linatoka jeupe kama kucha za mtoto, yakapepetwa, yakalowekwa usiku kucha. Saa kumi alfajiri alikuwa amewasha moto chini ya sufuria mbili ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Mahindi kwanza. Maharage baadaye, kwa kuwa maharage ya milimani ni laini na yakitangulia yanapotea. Magadi kidogo tu, ncha ya kijiko, yakizidi chakula kinateleza kama sabuni. Chumvi mwisho kabisa, kwa sababu Bibi aliamini chumvi ikiingia mapema maharage yananuna na hayaivi tena. Kila mtoto alikuja na kuni moja mkononi, na Bibi aliipokea mlangoni, akaipiga gotini. Ikilia kavu inaingia jikoni, ikilia mbichi inarudi nyuma ya jiko kukaushwa na wewe unajua kesho ulete mbili. Mwiko wake ulikuwa mrefu kuliko mimi. Mkono wake wa kushoto, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa na kovu jeusi linalong'aa la mvuke wa siku moja ambayo hakupenda kuizungumzia.

Jikoni kwake kulikuwa na sheria zake. Darasani ukiteleza ukaongea Kipare ulichapwa au ulivishwa kibao shingoni. Jikoni Kipare kilikuwa halali. Mtoto aliyekuwa bubu mbele ya ubao, akishindwa Kiswahili, alikuja kuchochea kuni na akawa msemaji kuliko wote, na zaidi ya mara moja mwalimu wa darasa la kwanza alikuja kumwuliza Bibi yule mtoto ana akili au hana. Bibi alijua.

Mama yangu, aliyesoma hapo kabla yangu, anakumbuka miaka ya njaa na mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, yale watu waliyoyaita Yanga. Watoto waliyasusa. Walisema ni chakula cha farasi. Bibi aliyapika siku tatu bila kusema neno, na siku ya nne akakaa katikati ya uwanja, akapakua sahani iliyojaa, akala yote polepole shule nzima ikimtazama, akalamba vidole, akainuka. Mama anasema alishiba mno akashindwa kutembea jioni. Lakini watoto walikula.

Sasa sado. Kwa msomaji asiyetoka kaskazini, sado ni ndoo ya plastiki ya lita nne ambayo asili yake ilikuja na rangi ya Sadolin. Rangi ilipakwa ikaisha, ndoo ikabaki, na magulio yakaifanya kipimo. Sado tano ni debe. Debe sita hivi ni gunia.

Sado hujazwa kwa namna mbili. Ya kufuta, unapitisha mkono juu ya mdomo wa ndoo, kinachozidi kinaanguka. Ya kilele, unamimina mpaka mahindi yanajenga kilima na punje zinaanza kukimbia pembeni. Kati ya kufuta na kilele pana viganja viwili. Si vingi. Mnunuzi wa Mwanga mjini anagombana nusu saa kwa ajili ya viganja hivyo viwili, na ana haki.

Miaka ya 1990, niliposoma hapo, ada ilikuwa imerudi shuleni, michango juu yake. Kahawa ilikuwa haina bei na watu waling'oa mibuni wakapanda maharage. Mzazi ambaye hakuleta mahindi yake, mtoto wake jina lilikatwa kwenye orodha ya chakula kwa kalamu nyekundu, na mpishi aliagizwa asimpakulie. Agizo lilikuwa la haki, ukilitazama kwa upande wa waliochanga. Watoto wa orodha walipanga mstari. Wa kalamu nyekundu walikwenda kucheza mpira nyuma ya vyoo, kwa kelele nyingi, ili ionekane wamependa wenyewe.

Bibi alipokea mahindi ya wazazi kwa sado ya kilele. Debe la mzazi lilimwagwa kwenye turubai na kupimwa upya, sado tano, kila moja kilele mpaka punje zikimbie, na kama ya tano haikutosha mzazi alirudi nyumbani akiapa hatakanyaga tena. Hapo ndipo alipopata jina la bahili, na wengine walisema amezidi hata kwa Mpare. Lakini kwenda sufuriani alitoa kwa sado ya kufuta, na daftarini aliandika sado ileile moja kuingia na ileile moja kutoka. Kila mtoto aliyelipiwa alipata sehemu yake kamili. Viganja viwili vilibaki turubaini. Alivikusanya kwa ufagio wa chelewa, akavimimina kwenye gunia lililokaa peke yake nyuma ya mlango wa stoo.

Saa saba na nusu, mstari wa orodha ukiisha, walimu wakienda kupumzika, sufuria ya pili ilifunuliwa. Wale wa nyuma ya vyoo walijua. Hawakuitwa, mpira uliisha tu.

Mwaka wa kesi yetu mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, wazazi wengi walichanga, wenye majina mekundu wakawa wachache, na gunia la nyuma ya mlango likazaa. Ndilo kosa.

"Haya mahindi ni ya nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Ya wenye njaa."

"Majina yao?"

"Mimi mpishi, mwenyekiti. Majina ni kazi ya mwalimu."

Walibishana mpaka magharibi. Mmoja alisema ziada ni mali ya shule. Mwingine akasema shule ilipokea madebe yaliyoandikwa na imekwisha kuyapata, kwa hiyo ziada si yake. Wa tatu, mzee mmoja ambaye nikimwandika jina wajukuu zake watanishitaki, alisimama akadai kilele chake kirudishwe. Alikuwa amekipigia hesabu: watoto wawili, miaka mitatu, sado thelathini, viganja sitini. Alitaka viganja sitini. Watu walicheka, yeye hakucheka, na Bibi pia hakucheka. Aliingia stoo, akatoka na sado tupu, akaenda kwenye gunia, akampimia viganja sitini mmoja baada ya mwingine kwa sauti, mbele ya kamati, kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akavipokea kwenye koti. Kisha akasimama pale ameshika koti lake lililovimba, hana pa kwenda nalo, watu wote wanamtazama. Sijui alisimama muda gani. Baadaye alilirudisha guniani, akaketi.

Kamati iliamua daftari liongezwe safu, na safu ikapewa jina la kikarani: Ziada ya Kipimo. Katibu alisogeza kidau cha wino ili Bibi aweke dole gumba. Bibi alikisukuma pembeni, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akitoa ulimi kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilichukua muda. Wote walisubiri.

Alistaafu 2009. Mara ya mwisho kumwona akisimama hadharani ilikuwa 2016. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulikuwa umefuta ada na michango, watu wameufurahia, na sehemu nyingi wakaelewa kwamba hata mahindi ya mchana yamekatazwa. Jiko letu lilizimwa. Mkutano wa kijiji uliitwa, maofisa wakaeleza kwamba chakula ni makubaliano ya wazazi wenyewe, watu wakanung'unika kwamba Rais amesema bure. Bibi, miaka 71, fimbo mkononi, alinyoosha mkono kama alivyofanya 1977.

"Elimu bila malipo nimeisikia," alisema. "Nauliza tu, na njaa nayo wameifuta?"

Akaketi. Jiko liliwashwa tena mwezi uliofuata, kwa sado.

Siku ya mazishi wapishi wa msiba walikuwa wa kijiji, wakiongozwa na mwanamke aliyeshika jiko la shule baada yake. Alikuja na mwiko wake begani kama mtu anayekwenda shamba. Mahindi yaliletwa na majirani, kila mmoja na ndoo yake. Shangazi alikuwa ametoa sado ya Bibi kutoka uvunguni, ile ya zamani, maandishi ya rangi yamefutika kabisa, mpini umefungwa waya. Yule mama aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole kwenye mdomo wake, hakusema kitu. Akatandika kanga chini, akaiweka ndoo juu yake, akapima.

Alipokea kwa kilele. Punje zilikimbia pembeni zikatua kwenye kanga. Alipopeleka sufuriani alipitisha mkono juu ya mdomo wa ndoo, akafuta. Nilisimama karibu naye nikihesabu bila kukusudia, kumi na mbili, kumi na tatu. Aliponyanyua macho aliniambia nisimame pembeni, nazuia mwanga. Alipomaliza alikusanya pembe nne za kanga, akamimina kilichobaki kwenye mfuko mtupu wa unga, akaufunga, akampa mtoto mmoja aupeleke nyuma ya mlango wa stoo ya shule.